Usianze na nywila, anza na faili

Wadau, jana kuna kijana wa Igoma kaniandikia: "Kaka shikamoo, nina faili la zip limefungwa, ni fumbo la mashindano ya uchunguzi wa kidijitali. Nipe programu kali ya kukisia nywila." Namjibia hapa hapa, maana najua wengi wenu mnataka kufika mbali kwenye fani hii na mnakwama palepale.

Majuzi hapa Kirumba tulikuwa na fumbo la aina hiyo. Wenzangu wakapakia rockyou, ile orodha ya nywila zilizovuja mwaka 2009, wakaiacha kompyuta ikihangaika. Mimi nikaomba kwanza nione orodha ya yaliyomo. Zip ya kawaida hata ikifungwa haifichi majina ya mafaili wala ukubwa wake. Ndani mlikuwa na picha moja ya PNG, imehifadhiwa bila kubanwa, yaani baiti zake ziko kwa mpangilio wake wa asili, na imefungwa kwa ZipCrypto, ule usimbaji (namna ya kufunga data kwa siri) wa kizamani wa zip. Moyo ukanidunda.

Kila PNG huanza na baiti 16 zilezile: 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A, kisha 00 00 00 0D, halafu herufi IHDR. Na tangu 1994 wataalamu wa usimbaji Biham na Kocher walishaonyesha kuwa ukijua kipande cha kilichomo, unazipata funguo za ndani za ZipCrypto bila kujua nywila. Programu ya bkcrack, inayotumia njia hiyo, inadai baiti 12 tu, 8 kati yake ziwe zimefuatana. Nikaziandika, nikaiendesha. Chai haijapoa, funguo tatu hizo kwenye skrini, na picha ikafunguka.

Mmoja akasema nimebahatisha. Iliniuma, na bado inaniuma. Kuzisoma baiti moja moja nimejifunza usiku, watu wamelala. Hiyo si bahati.

Kwa hiyo vijana wa Mwanza, someni faili! Angalia usimbaji, angalia kama limebanwa, angalia aina ya mafaili, ndipo uguse nywila. Na ushughulike na mafumbo tu. Faili la mtu usiliguse bila ruhusa yake, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na inafunga watu.

Ukikuta ni AES-256, usimbaji wa kisasa ulio imara, bkcrack haitakusaidia. Hapo rudi kwenye maelezo ya fumbo, uyasome neno kwa neno, chukua majina na tarehe zilizomo, utengeneze orodha yako fupi ya nywila na uanze nayo.