Ushauri kwa Anayeanza Kuvaa Maskoti wa Timu Hapa Mombasa

Vijana wanaonijia wakitaka kufundishwa kazi ya maskoti, yaani mnyama au mhusika wa timu anayevaliwa na mtu, huuliza kwanza kuhusu mikogo, miruko na namna ya kuwachekesha mashabiki. Hayo yana wakati wake, na mwenye mwili mwepesi huyashika upesi. Linalotangulia katika mji huu ni joto, kwa sababu maskoti ni mtu aliyejifunika sponji na manyoya ya kutengenezwa saa tisa alasiri, naye hutarajiwa kuruka na kucheza wakati ambapo waliokaa jukwaani wamevua makoti na wanajipepea.

Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Ndani ya vazi jasho halipati pa kukaukia, na hewa ya Mombasa yenyewe imejaa unyevu, hasa miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ambapo nyuzijoto hufika 32 na kupita kivulini. Kwa hiyo usijipime kwa nguvu unazozihisi, kwani shangwe za mashabiki hukuficha uchovu wako mwenyewe. Wanafunzi wangu huvaa kwa dakika 15, au 20 upepo ukivuma, kisha hutoka na kukaa kivulini bila kichwa cha vazi kwa muda usiopungua huo. Mazoezi yaanze angalau wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza, kwanza bila vazi, kisha kwa vazi bila kichwa, kwa kuwa mwili huhitaji siku kadhaa mfululizo ili uzoee joto. Kunywa maji kabla hujapata kiu. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho huondoa zaidi sodiamu, kwa hiyo liandamane na chakula chenye chumvi.

Kichwa kikianza kuuma, ukipata kizunguzungu au kichefuchefu, au ukihisi baridi katikati ya jua, toka uwanjani wakati huo huo. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa au akizimia, hiyo ni dharura ya hospitali. Mvueni vazi lote pale alipo, hata watoto wakitazama, mmwagie maji baridi mwili mzima na kumpepea bila kuacha mpaka gari lifike. Mwezi wa Ramadhani nawasihi wanaofunga wasivae mchana. Mzungumze na klabu mapema ili avae asiyefunga, na anayefunga amsaidie, na jambo hilo lisihesabiwe kuwa uvivu.

Hapo naja kwa msaidizi, ambaye klabu nyingi humwona kama gharama ya kupunguzwa. Ndani ya kichwa huoni miguu yako, huoni pembeni, na mara nyingi unatazamia wavu mdogo uliofichwa mdomoni mwa mnyama. Msaidizi ndiye macho yako: anakuonya kuhusu ngazi, anawazuia vijana wanaovuta mkia, anatazama saa na kukutoa hata kama wewe hutaki. Mkubaliane ishara kabla ya mechi. Sisi hugusa utosi kwa kiganja tunapotaka maji, na mikono miwili ikipishanishwa kifuani maana yake ni kutolewa mara moja bila maswali. Ishara hizo zifanyiwe mazoezi kama zinavyofanyiwa zile za kucheza, kwa sababu mtu aliyelemewa na joto hakumbuki jambo ambalo mkono wake haujazoea.

Ukishavaa kichwa, usiseme neno. Sauti humfanya mnyama awe fulani wa mtaa fulani, na kesho akivaa mwingine watoto watajua. Kila unachotaka kusema kipitie mabega, shingo na hatua, na kifanywe kwa ukubwa ili aliye safu ya mwisho akione. Sikiliza ngoma za mashabiki na uzifuate badala ya kushindana nazo. Mashabiki wa AFC Leopards, kwa mfano, wana isukuti yao, ngoma ya Waluhya, na maskoti atakayeingia kati kwa mdundo wake mwenyewe ataonekana mgeni. Hasira pia haina nafasi. Mwaka 2017 mfanyakazi aliyevaa Mr. Met, maskoti wa timu ya besiboli ya New York Mets huko Marekani, alimwonyesha shabiki ishara ya matusi, klabu ikalazimika kuomba radhi, na mfanyakazi huyo akaondolewa katika kazi hiyo. Aliyetusi alikuwa mtu mmoja kwa dakika moja, lakini aibu ilimwangukia mhusika aliyejengwa tangu miaka ya 1960.

Kwa watoto, piga goti mbali kidogo, mikono yako ionekane, na usubiri. Wadogo wa miaka miwili au mitatu wengi huogopa, na mzazi anayemsukuma mwanawe mbele kwa ajili ya picha akataliwe kwa upole. Watu wazima nao usiwakumbatie bila wao kuanza. Hapa pwani si kila mama aliyekuja na familia yake angependa kuguswa na mtu asiyemjua, na manyoya hayabadilishi jambo hilo.

Vazi lianikwe kivulini penye upepo baada ya kila mechi, kwani kwa unyevu huu hushika ukungu haraka sana.

Mwisho ni mkataba, ambao vijana huuogopa kuuliza. Mwaka 2020 Arsenal ilimwachisha kazi mtu aliyekuwa amemvaa Gunnersaurus, maskoti wake wa dinosaria, kwa miaka mingi, na Mesut Özil, mchezaji wa timu hiyo, akajitolea kumlipa mshahara ili asiondoke. Kama klabu tajiri kiasi hicho iliona kazi hii ni ya kukatwa, wewe unayeanza katika viwanja vya Mbaraki au Tononoka usitegemee maneno ya mdomoni. Pata kwa maandishi malipo ya kila mechi, nani atakayegharamia matibabu, nani atakayefua vazi, na jina la msaidizi wako. Siku ambayo msaidizi hakufika, mwambie meneja mapema kwamba hutavaa kichwa mpaka apatikane mtu wa kusimama naye.