Mdudu anakimbia kabla sijabonyeza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa Kihonda, Morogoro. Kaka ameniachia kamera yenye lenzi ya 18-55 na nyingine ya 50 mm. Nawapenda wadudu wa bustani ya mama, hasa vunjajungu. Nikisogea karibu kamera inakataa kushika fokasi, nikirudi nyuma mdudu anabaki kama punje ya mchele. Rafiki mmoja ananiambia bila lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, nisijisumbue. Mwingine anasema nimtie mdudu kwenye friji kwanza, apoe, atulie. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usimsikilize hata mmoja.

Lenzi ya makro ni chombo kizuri, na siku moja utainunua. Kwa sasa hiyo 50 mm inatosha. Tafuta mirija ya kurefusha lenzi, inayokaa kati ya kamera na lenzi. Ndani haina kioo hata kimoja, kazi yake ni kuitenga lenzi na sensa, yaani kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Mara nyingi huuzwa mitatu kwa pamoja: 12, 20 na 36 mm. Hesabu yake ni kugawa urefu wa mirija kwa milimita zilizoandikwa kwenye lenzi. Ukiunga wa 12 na wa 36 unapata 48, na kwa lenzi ya 50 hapo umekaribia kabisa 1:1, yaani mdudu anaangukia kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi. Kichwa cha vunjajungu chenye upana wa milimita 6 kitachukua karibu milimita 6 za sensa, na sensa ya kamera kama yako kwa kawaida ina upana wa milimita 22 hadi 24. Kichwa peke yake ni robo ya upana wa picha! Ila nunua mirija yenye vidoti vya chuma vinavyopitisha umeme. Ya bei ya chini kabisa haina, na bila hivyo kamera za siku hizi haziwezi kuiamuru lenzi ibane tundu lake la kupitishia mwanga.

Sasa mwanga, na hapa ndipo kazi ilipo. Ukifika 1:1, mwanga unaoingia hubaki kama robo tu, na sehemu inayoonekana vizuri, hata kwenye f/11 (namba ya tundu; ikiwa kubwa, tundu ni dogo), ni kama milimita moja. Ukibana hadi f/22 picha nzima inapoteza ukali. Kwa hiyo utahitaji flashi. Mimi huanzia f/11, kasi 1/200 ya sekunde, ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 200, flashi nikiipangia nguvu mwenyewe. Flashi isipofunikwa itamchoma mdudu kwa weupe na kumwachia kivuli cheusi kama wino. Kata kipande cha kidumu cheupe cha maziwa, kikunje kifike hadi mbele ya lenzi, kifunge kwenye flashi kwa mpira. Hicho kidumu kimenifaa kuliko vitu vingi nilivyonunua dukani.

Fokasi ya kamera inayojishika yenyewe izime. Shika kijiti alichokaa mdudu kwa mkono wa kushoto, kisha laza lenzi juu ya mkono huohuo, ili upepo ukitikisa, mtikisike pamoja. Sogea mbele na nyuma kwa mwili wako, polepole, ukibonyeza kila jicho linapong'aa. Katika picha thelathini nikipata mbili nzuri, nimeshukuru.

Kuhusu friji, nakuomba usifanye. Niliwahi kumwona mwenzangu akimtoa kereng'ende kwenye friji. Miguu ilikuwa imejikunja, mabawa yameloa, na picha zake zote zilionekana hivyohivyo, za mdudu aliyeonewa. Baridi unayoitafuta inapatikana bure alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu, hasa Juni na Julai, wadudu bado wamepoa na umande uko juu yao, hawawezi kuruka mpaka jua liwapashe. Nenda wakati huo. Kaa chini, kivuli chako kisimwangukie, usiwe na haraka.

Maji moto wa kwenye miembe waache kwanza. Kuwatazama wakishona majani kwa nyuzi za watoto wao ni jambo la ajabu, lakini lenzi yako itakuwa sentimeta chache tu kutoka kwenye kiota, na watakupanda mikono yote miwili.

Anza na vunjajungu. Ukimkaribia utaona kitone cheusi katika kila jicho, na ukihama kushoto kitone kinakufuata. Si mboni. Jicho lake ni mkusanyiko wa vijicho vidogo, na kitone hicho ni vile vinavyokuelekea wewe wakati huo. Vinameza mwanga, havikurudishii, ndiyo maana ni vyeusi. Weka fokasi hapo. Na mwombe mama asipulize dawa kwenye bilinganya zake wiki hiyo.