Maswali na majibu: Kisu gani chepesi kwa anayekimbia peke yake alfajiri?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, naishi Gungu hapa Kigoma. Kwa sababu ya zamu, nafasi yangu ya kukimbia ni alfajiri. Natoka saa 11:15, nashuka Mwanga na barabara ya Lumumba mpaka stesheni, naendelea Kibirizi, kisha narudi. Niko peke yangu. Juzi kijana mmoja alinifuata na pikipiki aliyoizima taa, ikabidi niingie kwenye geti la watu. Kaka yangu anasema nitafute kisu chepesi cha kujihami, na ameniahidi Victorinox ndogo ya kukunja. Je, kisu cha kukunja ni bora au cha ala? Kiwe na uzito gani kisinichoshe? Nikivae kiunoni au nikishike mkononi?

JIBU: Marahaba dada, na pole kwa hilo la pikipiki. Kuingia getini kwa watu ulifanya jambo sahihi kabisa. Nafundisha walinzi na akina mama namna ya kujilinda, na swali la kisu huniijia mara kwa mara, kwa kawaida kutoka kwa mtu aliyekwisha kutishwa. Jibu langu kwako ni kwamba kwa kujihami usibebe kisu chochote, si cha kukunja wala cha ala. Kwa matumizi mengine kisu kina nafasi yake, na uchaguzi wake nitaueleza mwishoni.

Tuanze na muda. Mwaka 1983 askari polisi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, alipima mtu anayekuvamia kwa mbio kutoka futi 21, yaani mita 6.4. Alikuta anakufikia kwa sekunde moja na nusu hivi. Polisi wake walikuwa wamesimama, mikono mikavu, bastola kiunoni, na muda huo uliwabana. Wewe unakimbia gizani, unahema, vidole vina jasho, na kisu kimo mfukoni kimekunjwa. Mpaka ukitoe, utafute kijishimo cha kucha, uvute ubapa kwa mkono wa pili, mtu ameshakushika kifundo cha mkono. Tena anayekusudia ubaya hatangazi nia yake akiwa mita 6. Atakusalimia kwanza, au atakuuliza saa.

Cha ala kinatoka haraka zaidi, hilo ni kweli. Tatizo lake ni mkono wenyewe. Fanya jaribio hili nyumbani: chukua kisu chembamba cha jikoni, funga ubapa wote kwa kitambaa kinene, uzungushie tepu mpaka makali na ncha visiweze kupenya. Paka kiganja maji ya sabuni, shika mpini, kisha sukuma ncha taratibu kwenye gogo la mgomba. Utaona ngumi inateleza mbele na kupanda juu ya kitambaa. Pale kwenye kitambaa ndipo penye makali. Visu vya kazi ya mapambano huwekewa kizuizi kati ya mpini na ubapa kwa sababu hiyo, na kizuizi, mpini mnene na ala ngumu ndivyo vinavyoongeza uzito. Kwa hiyo kile chepesi unachokitafuta ni chepesi kwa kuwa kimeondolewa vitu ambavyo vingekinga vidole vyako mwenyewe.

Wauzaji hawaligusi hilo. Wanakutajia gramu tu.

Halafu kuna watu. Sisi tunaishi mahali ambapo ukipiga yowe watu wanatoka, na wengine wanatoka na rungu. Sasa fikiria wanafika gizani, hawajui nani kamvamia nani, wanakuta watu wawili wanavutana na mmoja ana kisu mkononi. Yule mvamizi akiwahi kusema "mwizi huyu, ana kisu!" utajieleza saa ngapi? Hasira za umati hazisubiri maelezo. Hilo peke yake lingenitosha mimi kuacha kisu nyumbani.

Sheria nayo ina lake. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inakupa haki ya kujitetea, na mtu anapotaka kukubaka haki hiyo inakwenda mbali sana. Lakini kipimo ni nguvu ya kiasi kinachohitajika. Iliyozidi utaijibia wewe. Kijana aliyetaka simu akiishia na jeraha la tumbo, mtakutana kituoni kila mmoja anaomba PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, na swali la kwanza kwako litakuwa kwa nini ulitoka nyumbani na kisu. Mkoa wetu uko mpakani na doria si jambo geni. Mtu aliyefunika kichwa, anakimbia gizani karibu na ziwa, akisimamishwa na kukutwa na kisu kiunoni, asubuhi yake imeharibika hata kama hakumgusa mtu.

Sasa zile gramu ulizotaka kuzitumia kwa kisu, zitumie hivi.

Kwanza filimbi. Nunua ile isiyo na kigololi ndani. Yenye kigololi ikiingia mate au maji ya mvua hukwama, na ukipuliza kwa nguvu zote kigololi kinaweza kuganda na sauti ikakatika, maana ukiogopa unapuliza kwa pumzi fupi za ghafla. Fox 40, ambazo waamuzi wengi wa mpira wanazo, hazina kigololi, na ile ya Classic mtengenezaji anaipa desibeli 115. Ya kuigiza ya bei nafuu ipo pia. Ipulize mwenyewe dukani kabla hujalipa, ikiwa kavu na kisha ikiwa imelowa. Usiivae shingoni kwa kamba, kwa sababu kamba ya shingo ni mpini anaoupata adui bure. Ifunge kwenye kifundo cha mkono ili ikae kiganjani muda wote. Mpangilio ni kelele, kelele, kelele, huku miguu inaelekea penye geti au taa. Hata aliyezima taa ya pikipiki anachokiogopa ni kutambuliwa. Waambie majirani wa njia yako, hasa walinzi wa maduka na mama anayewasha moto wa chapati mapema, kwamba wakisikia filimbi ni wewe. Mkijuana, filimbi yako inakuwa na jina.

Pili, tochi ya kichwani. Wengi huidhani ni ya kuonea mashimo tu. Mwanga wa ghafla machoni pa mtu aliye gizani unamnyima kuona vizuri kwa muda kidogo, na muda huo ndio wako. Simu nayo iwe na salio na chaji, namba 112 uijue bila kuitafuta, na kwenye WhatsApp umtumie kaka yako mahali ulipo panapojisasisha kadiri unavyosogea. Kuna chaguo la dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua saa 1. Masikio yote mawili yawe wazi. Miziki utaisikiliza ukirudi.

Mbwa hukuwataja, ila njia ya Gungu alfajiri nina hakika wamekufukuza. Kwa mbwa fimbo fupi inatosha, ya sentimita 60 hivi, na hakuna atakayekuuliza kwa nini umeishika. Acha kukimbia, simama upande, usimkazie macho, inama kama unaokota jiwe, kisha rudi nyuma polepole. Akikung'ata, wewe ni muuguzi unalijua hili kuliko mimi: maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, na siku hiyo hiyo hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Dawa za kumpulizia adui machoni zinazouzwa mitandaoni usiziagize kabla ya kuuliza kituo cha polisi.

Nililolipa uzito kuliko yote katika swali lako, lakini, ni saa 11:15. Saa ya Tanzania ni moja ila jua halilijui hilo. Kigoma tuko mbali magharibi, hivyo jua letu linachomoza kama dakika 40 baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Kulingana na majira, hapa linatoka kati ya saa 12:35 na saa 1:10 asubuhi, na mwanga wa kumtambua mtu sura unatangulia kwa dakika 20 hivi tu. Ratiba za mazoezi mnazosambaziana kwenye magrupu ziliandikwa na watu wa pwani. Wao wakitoka saa 11:30, nusu ya mazoezi yao wanaona njia. Wewe saa yako nzima ni giza totoro. Faida tuliyonayo sisi ni jioni, maana jua linazama kati ya saa 12:50 na saa 1:25 usiku. Wiki za zamu ya asubuhi, kimbia saa 11:30 jioni, urudi mwanga ukiwepo na watu wakiwa barabarani. Alfajiri ibakize kwa wiki ambazo huna namna, na hizo tafuta mwenzio hata mmoja. Ukikosa, zunguka mitaa yenye watu karibu na kwako. Raundi za kilomita moja moja zinachosha akili, nakubali.

Kibirizi nayo ina kalenda yake. Giza la mwezi, mitumbwi ya dagaa inarudi alfajiri, wachuuzi wanaisubiri, mwalo unachangamka, na kipande hicho cha njia kinakuwa na macho mengi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazivuti dagaa, wanapumzika siku kadhaa, na pale panakuwa patupu. Ni vivyo hivyo ziwa linapofungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Mkimbiaji anaiona mbalamwezi akafurahi kwamba njia inaonekana, kumbe watu aliowategemea wamelala. Siku hizo geuzia stesheni, Kibirizi usifike.

Na yule wa pikipiki, nenda kamweleze askari wa Dawati la Jinsia na Watoto: siku, saa, mahali, na pikipiki ilivyokuwa. Huhitaji kuwa umeumizwa ndipo usikilizwe. Ukiwa na namba ya usajili ni bora zaidi, lakini usimfuate mtu kuitafuta.

Sasa kisu cha kaka. Kipokee kwa moyo mmoja, ni chombo kizuri. Victorinox ndogo ya Classic ina urefu wa milimita 58 ikiwa imekunjwa na uzito wa gramu 21 hivi. Itakata tepu ya malengelenge na kamba ya kiatu iliyogoma, na ina mkasi. Ubapa wake hauna komeo, unashikiliwa na springi tu. Ukisukuma ncha kwenye kitu kigumu unaweza kujikunja juu ya vidole vyako, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokiita kisu cha kujihami. Ukitaka chenye komeo kwa kazi za shamba au safari, Opinel namba 8 ya Ufaransa ina uzito wa gramu 45 hivi, ubapa wa sentimita 8.5 na pete ya kuzungusha inayoufunga usirudi. Mpini wake ni wa mti, ukilowa huvimba na ubapa unakuwa mgumu kufunguka, kwa hiyo hata huo si wa kukaa kwenye nguo yenye jasho. Chochote utakachochagua, chukua chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kaboni kinanoleka upesi lakini chumvi ya jasho itakiotesha madoa haraka sana.

Kiunoni au mkononi? Vyote viwili hapana. Mkononi ukijikwaa unaangukia kisu, na cha ala kiunoni kinakaa ncha ikielekea paja au tumbo kila unapoinama. Kile kidogo kikae kimekunjwa kwenye mfuko wa nyuma wenye zipu, katikati ya mgongo kidogo upande mmoja, si juu ya uti wenyewe, ili ukianguka chali kisikugonge uti wa mgongo. Ukirudi nyumbani kioshe kwa maji baridi, kifute, kiache wazi kikauke, kisha weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Mawese usiyaweke, yanaganda.