Mkunazi wa uani: kipi kwa mama, kipi kwa mtoto

SWALI: Shikamoo Bibi. Naishi Mingoyo, Lindi. Mwanangu ana miezi minane, na kila akiharisha mavyaa wangu hunitaka nichemshe magome ya mkunazi ulio uani nimnyweshe. Wanawe wote aliwatibu hivyo. Pia ananihimiza nioshee nywele majani yake. Naogopa kukubali, naogopa kumkosea adabu.
Mama Kichanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mavyaa wako hajazua jambo. Magome ya mkunazi ni dawa ya kuhara ya tangu zamani. Yaonje tu, yana ukakasi unaokaza ulimi. Ila sufuria ile haina kipimo cha mtoto wa miezi minane, na kinachoua mtoto anayeharisha ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Mpeleke zahanati akapewe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na zinki. ORS ikoroge kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, mpe kwa kijiko kidogo kidogo. Zinki kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Ziwa usimnyime. Ukiona damu kwenye choo, macho yamebonyea, au analia bila machozi, usingoje kuche.

Kwa nywele, msikilize mavyaa wako, tena mwombe akuonyeshe yeye, atafurahi. Kwetu Mikindani twachuma majani mabichi, yale ya kijani juu na meupeupe chini, kwa uangalifu, maana miiba yake huota miwili miwili, mmoja umenyooka na mwenziwe umepinda kama ndoana. Twanga kinuni, tia maji kidogo, vuruga kwa mkono: povu litapanda lenyewe bila sabuni. Chuja kwa kitambaa, la sivyo vipande vitakuganda kichwani kutwa nzima. Yasiingie machoni. Wapo watakaoguna kwa kuwa majani hayo ndiyo tunayooshea maiti, pamoja na kafuri katika maji ya mwisho. Wasikutie hofu. Tunawaoshea wapendwa wetu kwa sababu yanasafisha, na aliye hai naye ana haki ya kusafika.

Kunazi zenyewe kula ukipenda, zikishaiva na kuoshwa. Zina vitamini C. Mtoto usimpe bado, kokwa yake ngumu yatosha kuziba koo lake.