Mlango uko wapi

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama lile godauni dogo la Jinja ukiweka dari ya mbao, mlale juu na ushone mabegi chini, utaokoa hela ya kupanga nyumba. Kuokoa utaokoa. Mimi nauliza mlango uko wapi.

Unajua tulivyoanza mtaa wa Walukuba, hapo hapo Jinja, na baba yako, Mungu amrehemu, karakana mbele sisi nyuma ya pazia, wewe ulikuwa unanyonya bado. Jioni moja baba yako katoka kutafuta misumari, mteja akaja kuulizia kitanda chake, akapita moja kwa moja akafunua pazia, akanikuta kifua wazi na wewe mkononi, na wala hakurudi nyuma, akasimama pale pale akaniuliza kitanda kimefika wapi. Baba yako aliporudi nikamwambia, akasema ah, si mteja tu. Mteja tu! Mpaka leo likinijia usiku sipati usingizi. Ndiyo maana nasema kila siku, mlango wa mteja usiwe mlango wa mama watoto.

Lakini tena najibishana mwenyewe, maana hapo hapo ndipo ulipojifunza kutembea ukishikilia meza ya randa, na baba yako alikula chakula cha moto kila mchana.

Haya, hiyo dari. Mabati yakipigwa jua la saa nane joto lote linakaa juu, huko huko unakotaka kuweka godoro, kwa hiyo toboa madirisha juu kwenye kuta mbili zinazotazamana na mengine chini, hewa ipite. Gundi na thina zikae mbali na mtoto na mbali na moto. Jiko la makaa lisiingie ndani hata inyeshe vipi, hewa yake haina harufu na inaua watu wamelala. Hizo kuta za magurudumu unazosema utagawia chumba nimezipenda sana, oda ikizidi unasukuma tu. Na ruhusa ya jiji ya kubadilisha matumizi ya jengo itafute kabla hujanunua ubao, hao wachoraji wa New York uliowatolea mfano waliishi viwandani kwa wasiwasi miaka mingi mpaka sheria ya 1982 ikaja kuwalinda.

Unataka niseme hamia au usihamie. Sisemi, wewe mtu mzima, na mkeo je, umemuuliza? Maana mlango wa mteja na wa mama watoto... basi, naacha. Nitumie picha ya ukuta wa nyuma nione kama unaweza kutobolewa mlango, na huko nje kuna njia au ni mtaro.

Mama yako