Barua kwa mwanangu: kutembea na vidonge

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeniuliza: kwa kuwa sasa nawe umeambiwa una kisukari cha aina ya pili kama mama yako, ukishika mazoezi kwa bidii utaweza kuachana na vidonge? Mazoezi anza leo. Vidonge endelea navyo. Wapo wanaopunguziwa dozi, hata wanaoachishwa kabisa, lakini hilo huamuliwa na daktari akiwa na vipimo mkononi. Kujisikia vizuri si kipimo; sukari hupanda kimyakimya.

Katika kisukari chetu, insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwenye chembe za mwili, mara nyingi bado ipo, ila mwili umekuwa mzito kuiitikia. Inapiga hodi, mlango haufunguki, sukari inabaki imejazana kwenye damu. Misuli ikifanya kazi hujifungulia mlango yenyewe na kuivuta sukari hata bila kuisubiri insulini. Uzuri ni kwamba ukishapumzika, mwili huendelea kuiitikia insulini vizuri zaidi kwa saa 24 au zaidi, kisha hali hurudi ilipokuwa. Ndiyo maana tunaambiwa tusipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi, na kwa wiki zifike angalau dakika 150. Ukijichosha Jumamosi ukakaa mpaka Jumamosi nyingine, mwanangu, katikati hapo huna kitu.

Mimi nilikuwa mbishi, unanijua. Kilichonigeuza ni kipimo changu mwenyewe. Jioni moja, saa moja baada ya kula, nilipima sukari nikakuta 12.6 (milimoli kwa lita). Nikatoka nikatembea nusu saa, mwendo wa kuweza kuzungumza lakini si wa kuimba. Niliporudi nilipima tena: 8.9. Nilikitazama kile kimashine nikarudia kwa kidole kingine, nikidhani kimekosea. Tangu siku ile chakula cha jioni kikiisha navaa viatu. Hata ukipata dakika 15 tu, zitumie baada ya kula, ndipo sukari inapopanda. Na kazini kwako usikae saa nzima kwenye kiti. Kila nusu saa inuka, tembea kidogo.

Mara mbili au tatu kwa wiki ongeza mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta, kunyanyua uzito mdogo. Misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Ila kabla ya uzito mkubwa, macho yako yapimwe kwanza, maana kisukari kikishagusa mishipa ya macho, kujikaza sana kunaweza kuleta madhara.

Hapa nisikilize kwa makini. Mwaka ule nilioanzishiwa insulini, nilichoma sindano, nikachelewa kula, nikaenda kutembea. Nilirudi mpaka mlangoni, funguo ikakataa kuingia kwenye kitasa. Mikono ilitetemeka, jasho la baridi lilinilowesha mgongo, na akili ilikuwa kama imefunikwa na ukungu. Sukari ilikuwa 3.1, ikiwa chini ya 4 tayari ni hatari. Dawa yake ni gramu 15 za sukari, yaani kama vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, unasubiri dakika 15, unapima tena. Wewe unatumia metformini peke yake, ambayo ni nadra kuishusha sukari kiasi hicho. Lakini wakikuongezea glibenklamidi, kidonge kinachosukuma mwili kutoa insulini zaidi, au insulini yenyewe, uliza kabla ya mazoezi, na tembea na sukari mfukoni. Inaweza kushuka hata usiku, saa nyingi baada ya wewe kupumzika.

Na miguu. Kisukari huweza kufifisha hisia za miguu; kuna siku nilitembea na kijiwe ndani ya kiatu bila kukihisi kabisa. Nilikiona nyumbani nilipovua soksi ikiwa na damu. Kidonda kile kilichukua wiki saba kupona, na kila asubuhi ya wiki hizo niliogopa. Kabla ya kuvaa kiatu, ingiza mkono upapase ndani. Ukirudi, angalia nyayo na katikati ya vidole. Pasipoonekana tumia kioo.

Jumapili nitakupigia. Uwe umepima kabla ya kutembea na baada ya kurudi, uniambie namba zote mbili, hata kama hazikukufurahisha.

Mama yako