Seva inawaka ila haipatikani

SWALI: Mambo fundi, nina seva ya Proxmox nyumbani (mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa ndani ya moja), juzi umeme ulikatika nikaona bora nichomeke kabisa kadi ya NVMe (diski ya kasi), sasa seva inawaka fresh tu ila ukurasa wake haufunguki na hata ping (kuijaribu kwa netiweki) haijibu, nimeiua au? Msomaji, Mwanza

JIBU: Hujaua kitu ndugu yangu, hiyo kadi yawezekana imesogeza namba za PCI (nafasi za kadi kwenye ubao mama), kadi ya netiweki ikabadilika jina, mfano enp3s0 ikawa enp4s0, na vmbr0, daraja la netiweki la Proxmox, bado inaitafuta ile ya zamani. Chomeka skrini na kibodi, andika ip link uone jina jipya, kisha ndani ya /etc/network/interfaces badilisha kila penye jina la zamani, hasa mstari wa bridge-ports, halafu andika ifreload -a ili mabadiliko yaanze kazi. Mashine pepe za ndani zikiwa bado zimelala, angalia tiki ya Start at boot (ijiwashe seva inapowaka) ya kila moja, hapo wengi husahau.